Bia safi si maji: Kiwanda cha mji kikikua, tuulize kilichomo ndani ya chupa

Mwezi uliopita nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa mtu ambaye sikumtarajia. Tulisoma naye shule moja ya upili, tukalala bweni moja, na leo hii ana kiwanda kidogo cha bia katika mji ulio mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Nairobi. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikuwa na barua mkononi.

Barua hiyo ilikuwa imepigwa chapa tayari. Ilisema kwamba mimi, daktari niliyesajiliwa, nathibitisha kuwa bia inayotengenezwa na kiwanda hicho ni salama kwa afya ya binadamu. Chini yake pameachwa nafasi ya sahihi na mhuri.

"Daktari, nisaidie," akaniambia. "Unajua nilivyoanza."

Najua. Alianza na matangi mawili nyuma ya hoteli ya nyama choma, akiuza bia yake gilasi kwa gilasi. Watu wakaipenda. Kizuri chajiuza, na bia yake ilijiuza. Sasa anataka kununua mtambo wa kujaza chupa na kupeleka bidhaa yake katika kaunti jirani. Lakini baadhi ya wakazi, wakiongozwa na akina mama wa kanisa na walimu wawili watatu, wamepinga leseni mpya. Kikao cha kusikiza maoni kinakuja, naye aliona kwamba neno la daktari litafunga mjadala.

Sikutia sahihi. Wala sikumfukuza. Nilimwomba aniachie barua hiyo nifikirie, na makala haya ndiyo niliyoyafikiria. Nayaandika hapa kwa sababu swali lake si lake peke yake. Viwanda vidogo vya bia vimechipuka Nairobi na sasa vinatazama miji midogo, na kila mji utaulizwa swali hilo hilo: je, jambo hili ni la heri au la shari?

Tuanze na heri, maana ipo. Mtu yeyote anayedhani kiwanda cha mji mdogo hakiwezi kufika mbali na atazame Naivasha. Kiwanda cha Keroche kilianzishwa huko mwaka 1997 na Bi Tabitha Karanja pamoja na mumewe. Kilianza na mvinyo wa bei nafuu kwa watu wa kipato cha chini. Mwaka 2008 kikaingia katika biashara ya bia, uwanja ambao kwa miaka mingi ulikuwa na simba mmoja tu. Kufikia mwaka 2015 kilikuwa kimepanua mitambo yake kutoka uwezo wa lita milioni 10 kwa mwaka hadi lita milioni 110. Safari hiyo haikukosa misukosuko, hasa ya ushuru, lakini mji ulipata kazi na jina, naye mwanzilishi akachaguliwa Seneta wa Nakuru mwaka 2022. Hata kile kiwanda kikubwa cha Ruaraka tunachokiona kama mlima kilianza kidogo, mwaka 1922.

Kiwanda cha namna hii huajiri vijana, hulipa ushuru, na kikinunua shayiri hapa nchini, hutia pesa mfukoni mwa mkulima wa Narok au Timau. Daktari anayepuuza mambo haya hajui kwamba umaskini nao ni ugonjwa. Nimewatibu watoto wengi zaidi walioumizwa na ukosefu wa kazi wa wazazi wao kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kuna heri nyingine, na hii inaniangukia mimi moja kwa moja. Bia huchemshwa. Kimea cha shayiri hulowekwa katika maji moto, maji hayo matamu huchujwa, kisha huchemshwa pamoja na maua ya hopsi kwa muda wa saa moja au zaidi kabla ya kupozwa na kutiwa hamira. Viini vya kipindupindu na homa ya matumbo havivumilii mchemko huo.

Madaktari tunakijua kisa cha London cha mwaka 1854. Kipindupindu kiliua mamia ya watu karibu na bomba la maji la Broad Street. Daktari John Snow alipozunguka mtaani akichunguza, aligundua kuwa wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa barabara hiyo hiyo, zaidi ya 70, hawakufa na ugonjwa huo. Walikuwa wakipewa bia kazini, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Maji ya lile bomba hawakuyagusa.

Nilipomsimulia rafiki yangu kisa hicho alifurahi sana. "Basi umeona!" akasema. Nikamwambia angoje kwanza. Bia haikuwatibu watu wale. Iliwaepusha tu na maji machafu. Anayetaka kujikinga na kipindupindu leo achemshe maji ya kunywa. Ni rahisi kuliko kununua kreti.

Nasema hivi kwa sababu hoja ya aina hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa nchini mwetu. Tumezika watu wengi kwa sababu ya pombe iliyotiwa sumu. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu wakafa katika kaunti kadhaa kwa muda wa siku chache. Februari 2024 msiba ukabisha hodi Kirinyaga. Kila mara kilio kinapopoa, utasikia watu wakisema: heri bia ya chupa.

Ni kweli, ukilinganisha na sumu. Methanoli ni pombe ya viwandani, haina rangi na ladha yake haiwezi kumshtua mlevi. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho na kuharibu damu. Hata vijiko viwili vya chai vya methanoli tupu vyaweza kumpofusha mtu. Mnywaji huenda asisikie lolote kwa saa 12 au hata siku nzima, kisha macho yakaanza kuona ukungu, tumbo likasokota na pumzi ikawa nzito. Mtu kama huyo asiambiwe alale apoe. Akimbizwe hospitalini usiku huo huo, kwa sababu dawa ipo, ila haimngojei aliyechelewa.

Bia iliyopikwa vizuri haina hatari hiyo. Hilo nitalisema mbele ya kikao chochote. Lakini bia safi ni neno moja, na bia isiyodhuru ni neno jingine kabisa. Maji ni safi, na unaweza kuyanywa kutwa. Bia ni safi, lakini ndani yake mna ethanoli, na ethanoli haina habari kama imetoka kwenye tangi linalong'aa au kwenye pipa lililofukiwa kando ya mto.

Acha nikueleze habari za mgonjwa mmoja. Nimebadilisha mambo machache asitambulike. Alikuwa fundi wa magari, umri wa miaka 41, baba wa watoto watatu. Kwa miaka mingi alikunywa chang'aa. Baada ya jirani yake kufa na pombe ya sumu, akaapa kutoigusa tena, na kiapo hicho amekishika mpaka leo. Akahamia bia, chupa nne kila jioni, na sita siku za mshahara. Mkewe alifurahi. Yeye mwenyewe aliniambia kwa fahari, "Daktari, mimi siku hizi sinywi pombe. Nakunywa bia tu."

Alikuwa amekuja kwa sababu ya uchovu na tumbo kujaa. Presha yake ilikuwa juu. Vipimo vya damu vilionyesha ini linateseka. Nikachukua kalamu tukapiga hesabu pamoja, na hesabu hiyo naomba nawe msomaji uipige jioni hii.

Chukua ujazo wa chupa kwa mililita, uzidishe kwa asilimia ya pombe iliyoandikwa kwenye kibandiko, ugawanye kwa 100, kisha uzidishe kwa 0.8. Utapata gramu za ethanoli. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Toti ya mililita 30 ya viski yenye asilimia 40 ina gramu zipatazo 10. Maana yake ni kwamba chupa moja ya bia ni sawa na toti mbili za viski. Fundi wangu alikuwa akinywa toti nane kila jioni, na kumi na mbili siku ya mshahara, huku akidhani ameacha pombe.

Ini la mtu mzima huondoa gramu 8 hivi kwa saa. Chupa nne ni gramu 80, yaani kazi ya saa 10. Anayeanza kunywa saa mbili usiku huamka alfajiri na kushika usukani wa matatu kukiwa bado na pombe katika damu yake. Tukija kwenye unene, kila chupa ina nguvu ya chakula ya kalori 200 hivi. Nne ni 800, na bado hajala nyama.

Sasa tugeukie bia za viwanda vidogo. Sifa yake kubwa ni ladha, na mara nyingi ladha nzito huja na kimea kingi, na kimea kingi kikichachuka kabisa huzaa pombe nyingi. Bia yenye asilimia 7 si kitu cha ajabu katika viwanda hivi. Chupa yake ya mililita 500 ina gramu 28. Mnywaji huhesabu chupa, hahesabu gramu. Aliyezoea chupa tatu za asilimia 4.2 hupata gramu 50 hivi. Akinywa tatu za asilimia 7 hupata 84, na bado atamwambia mkewe amekunywa tatu tu, wala hatakuwa amedanganya.

Pombe hii ikizidi, madhara yake hayamkingi aliyenunua chupa ya bei. Ini hujaa mafuta, huvimba, kisha hukakamaa. Presha hupanda. Tangu mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka pombe katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani: ya kinywa, ya koo, ya umio, ya ini, ya utumbo mpana na ya matiti. Saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazoua sana hapa Kenya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe ambacho mtu anaweza kuambiwa hakina hatari yoyote. Hatari huanza na tone la kwanza, nayo hukua kadiri gilasi zinavyoongezeka. Kwa mama mjamzito, neno ni moja tu: asinywe.

Ndiyo sababu siwezi kutia sahihi barua inayosema "ni salama."

Hata hivyo, kinachonishughulisha zaidi katika mpango wa rafiki yangu ni huko kukua. Wazee wetu walikuwa na muratina, busaa na mnazi. Sitasema kwamba hawakulewa, walilewa. Lakini pombe zile zilikuwa na breki yake. Busaa huchacha. Mnazi uliogemwa asubuhi si ule wa kesho. Huwezi kuweka ghala la busaa, wala kuisafirisha kaunti tano. Ilinywewa ilipopikwa, siku ilipopikwa, na mara nyingi na watu waliojuana, chini ya macho ya wazee waliojua nani apewe na nani anyimwe.

Bia ya matangi mawili nyuma ya hoteli ilikuwa na breki kama hiyo. Ikiisha imeisha, mpaka tangi lingine liive. Mtambo wa chupa na kifaa cha kupasha joto huiondoa breki hiyo. Tangu Louis Pasteur alipoonyesha katika karne ya 19 jinsi ya kuua viini vinavyochachua vinywaji, bia huweza kukaa kwa miezi. Ugunduzi huo ni baraka kwa maziwa ya mtoto. Kwa upande wa bia, umefanya kiasi kinachoweza kuuzwa kikose mpaka. Na mtambo ulionunuliwa kwa mkopo wa benki haupumziki: lazima lita zipatiwe mahali pa kwenda.

Kukua kuna hatari ya pili, nayo ni ya viungo. Mwaka 1900 huko Manchester, Uingereza, maelfu ya watu waliugua na makumi wakafa kwa kunywa bia iliyokuwa na aseniki. Sumu hiyo ilitoka kwenye sukari ya bei rahisi iliyotiwa badala ya kimea. Mwaka 1965 na 1966 mjini Quebec, Canada, madaktari walishangaa kuona wanywaji bia wakifa kwa ugonjwa wa moyo usioeleweka. Ikagunduliwa kuwa kobalti ilikuwa imeongezwa ili povu lidumu juu ya gilasi. Hawakuwa wapika pombe wa mafichoni; ilikuwa bia halali, yenye leseni. Mpikaji mdogo huonja kila tangi kwa ulimi wake. Mpikaji mkubwa hutegemea vibandiko vya magunia aliyouziwa. Kwa hivyo kiwanda kikikua, maabara yake nayo sharti ikue, na wakaguzi wa KEBS wakaribishwe hata siku ambazo hawakutarajiwa.

Nilimwita rafiki yangu tena wiki iliyopita, nikampa barua nyingine badala ya ile yake. Nilimwambia nitakuja kikaoni nami nitasema mema yote niliyoyasema hapa juu, kwa masharti matatu.

La kwanza, kila chupa iandikwe gramu za pombe zilizomo, kwa tarakimu kubwa, si asilimia pekee kwa maandishi ya sisimizi. Mtu akijua kwamba chupa moja ni toti mbili atakuwa na nafasi ya kuamua.

La pili, bia yoyote inayozidi asilimia 6 iuzwe katika chupa ndogo ya mililita 330. Kwa bia ya asilimia 7, hiyo ni gramu 18 badala ya 28. Ladha ni ile ile.

La tatu, asiwe na zile promosheni za "nunua tatu upate moja bure", wala asiwalipe mawakala na wahudumu wa baa bonasi kwa kila kreti. Kama bia yake ni nzuri, na ipate wanywaji wapya miongoni mwa wale ambao tayari wanakunywa bia za wengine. Isikue kwa kumwongezea fundi yule yule chupa ya tano.

Masharti mawili ya kwanza aliyakubali bila kusita, na hata akayapenda. La tatu lilimkwama. "Daktari, washindani wangu wote wanafanya hivyo," akasema. "Ukinifunga mikono mimi peke yangu, benki itauza mtambo." Sikuwa na jibu rahisi. Anasema kweli, na ndiyo maana jambo hili halifai kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18 na ikaweka saa za kuuza. Kaunti zinazotoa leseni zina uwezo wa kuongeza masharti kama haya kwa viwanda vyote, vikubwa na vidogo, pasiwe na anayeonewa. Nawaomba wale akina mama wa kanisa waende kikaoni wakiwa na masharti hayo mkononi, kwa maana anayesema "hatutaki" peke yake hushindwa, na akishindwa huondoka mikono mitupu.

Nawe msomaji, ikiwa unakunywa, piga ile hesabu usiku wa leo. Uwe na siku kadhaa za juma usizokunywa kabisa. Usinywe ukiwa unatumia dawa kabla ya kumuuliza daktari au mfamasia. Na ikiwa umekuwa ukinywa sana kila siku kwa muda mrefu, usiache kwa ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea huweza kutetemeka na hata kupatwa na kifafa. Njoo hospitalini tukusaidie kushuka ngazi taratibu.

Yule fundi ameshuka. Miezi minne sasa hajagusa chupa, na vipimo vya ini lake vimeanza kurudi mahali pake. Rafiki yangu wa kiwanda hajanipigia simu tangu tuonane. Kikao chao ni Alhamisi ijayo. Nitakwenda, awe ameyakubali masharti yote matatu au hapana, nami nitasema ninachokijua. Mhuri nitauacha zahanatini.